Kajichoma na chuma

Idd pili mpwa wangu kaja nyumbani na bastola. Ya plastiki, usishtuke, zile za sikukuu zinazouzwa hapa Tanga pale Tangamano kwenye meza za midoli, 5,000 na ukijua kuongea unaipata kwa 4,000, inakuja na kipakti cha vigololi vidogo vya njano ambavyo kesho yake unavikuta mpaka ndani ya sufuria la pilau. Watoto wa Makorora siku ile karibu wote walikuwa nazo, kanzu mpya na bastola mkononi, mkono wa Idd wote umeishia pale. Mi sikuwa na neno maana sisi wenyewe tumekulia hizo hizo, enzi zetu zilikuwa za fataki, unapiga paa, kamoshi kanatoka, unanusa baruti unajiona komando.

Kilichonishtua ni kwamba ya kwake ilikuwa nyeusi tii. Nikamuuliza mbona hii haina rangi ya machungwa mbele, manake zinakuja na kijincha cha rangi hiyo hapo mdomoni, akacheka akanionyesha vidole. Vyeusi. Kachukua kiwi ya viatu vya baba'ke kaipaka, kasugua na brashi mpaka inang'aa, "ili ifanane na ya kweli, mjomba". Ana miaka 12. Nikamwambia hebu nipe. Akadhani naitazama, nikaitia mfukoni na hajaipata mpaka leo, na dada'angu akaninunia kutwa nzima anasema nimemharibia mtoto sikukuu kwa kitu cha plastiki, we mtu mzima huoni haya.

Sasa pale sebuleni na pilau mbele na wageni nilishindwa kueleza. Ndo naeleza hapa.

Novemba 22 mwaka 2014, Jumamosi, mji wa Cleveland jimbo la Ohio huko Marekani, kulikuwa na mtoto anaitwa Tamir Rice, miaka 12, yuko kwenye bustani ya mtaa karibu na kwao anacheza na bastola ya bandia, ya hizi hizi za kurusha vigololi vya plastiki. Ilikuwa imetoka ile alama yake ya machungwa. Jamaa mmoja aliyekaa hapo kwenye bustani akapiga simu polisi, akasema kuna mtu ana bastola anawaelekezea watu, ila akasema pia pengine ni ya bandia, na pengine huyu ni mtoto. Hayo maneno mawili, bandia na mtoto, ndo hayakufika kwa askari waliotumwa. Yalibaki kwa mpokea simu. Gari la polisi likaingia mpaka kwenye majani, halijatulia hata vizuri, askari aliyekaa upande wa abiria kashafyatua. Video ya kamera ya pale ipo, wameihesabu, ni kama sekunde 2 tangu gari lifike. We jaribu kusema bismillahi rrahmani rrahimi kwa kituo kama ulivyofundishwa madrasa, hujafika mwisho mtoto kashaanguka.

Dada'ke wa miaka 14 akaja mbio kumuona mdogo wake, wakamwangusha chini wakamtia pingu wakamweka ndani ya gari. Wale askari wawili hawakumpa huduma ya kwanza yule mtoto, zikapita kama dakika 4 mpaka akatokea mpelelezi wa FBI ambaye alikuwa jirani tu na shughuli zake, huyo ndo akapiga magoti akaanza kumsaidia. Akafa kesho yake. Na kuna kitu kimoja kwenye hii stori ambacho kila nikikikumbuka nywele zinasimama: askari wanaripoti kwenye redio baada ya risasi, wanasema mwanaume mweusi yuko chini, labda miaka 20. Wamesimama juu ya mtoto wa darasa la sita wanaona mtu wa miaka 20.

Baada ya hapo sasa. Desemba 2015 baraza la wazee wa mahakama la kule likasema hamna wa kushtakiwa. Februari 2016 jiji likaiandikia familia dai la dola 500, nauli ya gari la wagonjwa lililombeba mtoto, yaani unauliwa mwanao na mji alafu mji huo huo unakuletea bili ya kumbeba, watu walipopiga kelele meya akaomba radhi dai likaondolewa. Aprili mwaka ule ule jiji likakubali kulipa dola milioni 6 bila kukiri kosa. Na yule askari alifukuzwa kazi, ndio, Mei 2017, ila usifurahi haraka, kosa lililomfukuzisha ni kwamba kwenye fomu ya kuomba kazi hakusema kweli kuhusu kituo alichotoka, ambako wakubwa wake walishaandika kwamba huyu kijana silaha hazimfai. Cleveland walimwajiri bila kulisoma hilo faili. Kwa hiyo kwenye karatasi za serikali, katika jambo zima lile, kosa lililoandikwa kwa jina lake ni la fomu. Mwenzie aliyekuwa anaendesha alisimamishwa siku 10, wakakata rufaa akapunguziwa.

Nimeandika "huyu kijana" hapo juu nikajisikia nacheka mwenyewe. Hili neno letu kijana linanyumbuka kama mpira wa manati. Mtu wa miaka 40 akigombea uongozi ni kijana. Mtoto wa miaka 15 akipigwa risasi naye ni kijana, na ukisoma zile taarifa kwa vyombo vya habari anaanza kama kijana, mstari wa pili ni mtuhumiwa, wa tatu ni jambazi sugu. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo wazi kabisa, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, basi. Ila umewahi kusikia kamanda amesimama mbele ya vipaza sauti akasema askari wetu wamempiga risasi mtoto? Lugha yenyewe inamkuza mtu haraka haraka ili akifa asionekane mdogo.

Na hii ya kumkuza ni ya zamani. Oktoba 1974 huko Memphis mtoto mmoja anaitwa Edward Garner, miaka 15, aliingia nyumba ya watu akatoka na pochi na dola 10. Anakimbia, kafika kwenye uzio anataka kuruka, askari anammulika tochi, anamuona mikono yake, na baadaye huyo askari alisema mwenyewe kwamba alikuwa na hakika ya kutosha kuwa mtoto hana silaha, ila alimkisia ana miaka 17 au 18. Akampiga risasi ya kisogoni ili asivuke uzio. Sheria ya jimbo ilikuwa inaruhusu, mtuhumiwa akikimbia anapigwa. Baba mtu akapigana mahakamani karibu miaka 10 mpaka mwaka 1985 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema hapana, huwezi kumpiga risasi mtu kwa sababu tu anakimbia, mpaka uwe na sababu ya kuamini kwamba ni hatari kwa maisha ya askari au ya watu wengine. Dola 10. Nani Tanga hajaruka uzio wa mtu? Sisi machungwa ya Muheza tulikuwa tunayashusha kwenye malori yanatembea.

Hapo kwenye uzio ndo nina langu la kusema, na sijawahi kuliandika.

Mwaka 1998, nina miaka 14. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na eneo moja lenye uzio upande wa reli, la nani na nani tuache, ndani kumejaa vyuma chakavu, na kulikuwa na mnunuzi anapima kwa kilo, haulizi umetoa wapi. Tulitaka hela ya kuingia Mkwakwani, Coastal wanacheza, basi. Magharibi imeshaadhiniwa, kigiza kile ambacho unaona mtu humuoni sura. Tukasikia "simama!" alafu mlio, na mimi mpaka leo nikijaribu kukumbuka kipi kilianza siwezi kuapa. Tulikimbia wote. Watatu tukavuka. Mwenzetu mmoja alikuwa juu ya uzio, akashuka upande wa ndani, tukasikia anaita mama.

Jina lake siliweki, yupo hai, ana bajaji na watoto 3, anatembea vizuri ila kipindi cha baridi anaushika mguu.

Risasi ilipita kwenye kigimbi, ikaingilia nyuma ikatokea mbele, haikugusa mfupa, bahati kubwa. Na niseme na hili, askari aliyempiga alikuwa bwana mdogo kabisa, kama miaka 22 hivi, na ndo huyo huyo aliyevua mkanda wake akamfunga mguu, akambeba mgongoni mpaka kwenye gari, mwenzetu anasema alikuwa anamsikia anatetemeka mgongo mzima na anarudia "pole dogo, pole dogo". Sina kinyongo naye, nimejaribu kuwa nacho nimeshindwa.

Kinyongo changu kiko kaunta.

Manake unajua utaratibu, enzi zile jeraha la namna ile huendi hospitali mikono mitupu, ulitakiwa kuwa na PF3, ile fomu ya majeruhi, na PF3 inatoka polisi. Umepigwa risasi na polisi, unaenda kwa polisi wakuandikie karatasi ya kuruhusu utibiwe risasi ya polisi. Mama'ke alikuja na khanga moja kiunoni na moja kichwani, kaitwa anakaanga mihogo, mikono ina mafuta. Mimi nilikuwa nje dirishani, nimejificha, nimerudi kwa sababu nilishindwa kwenda nyumbani. Niliyasikia yote. Yule wa kaunta hakufoka hata kidogo, aliongea kama anatoa nasaha, "mama, tuandike hapa kajichoma na chuma, maana kweli kulikuwa na vyuma pale, mtoto akatibiwe sasa hivi. Tukianza habari za risasi itabidi lifunguliwe jalada, na likifunguliwa na yeye ana kesi ya wizi ndani yake, na damu inatoka, wewe mwenyewe unaona". Mama akauliza, "kwani nikisema kweli anatibiwa saa ngapi?" Akajibiwa, "itategemea mkubwa akija."

Akasema andika.

Hospitalini nesi aliusafisha mguu, akaona tundu la nyuma, akaugeuza akaona la mbele, akaitazama karatasi, akamtazama mama. Akaendelea kusafisha.

Haya. Miaka mingi imepita, sasa hivi nakaa kijiweni Barabara ya 9 pale kwenye kahawa, na kuna mzee wetu mmoja askari mstaafu, mtu wa watu, akikosekana siku 2 tunakwenda kumjulia hali. Wiki ya baada ya Idd nikaleta hii mada ya Tamir. Nilidhani nitaungwa mkono, wapi! Nusu ya kijiwe wakaniruka. Mmoja akaleta habari za Panya Road, yale magenge ya vijana wa Dar, akasema nyie mnaotetea watoto subirini wakuingilieni na mapanga ndani usiku na mkeo yupo ndo utajua ni mtoto au si mtoto. Na siwezi kusema hana hoja, dada'ngu mkubwa yuko Dar, aliyapitia yale, alikuwa akilala anasogeza kabati mlangoni. Watu wakitishika hivyo wanataka mtu afe, hawaulizi sana nani.

Mzee akasubiri wamalize. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unaongea na kikombe mkononi. Saa nane usiku, kichochoro hakina taa, mtu anakujia mbio, mkono mmoja kauficha nyuma. Utamwomba cheti cha kuzaliwa?" Kijiwe kizima kikacheka na mimi nikacheka. Alafu nikamuuliza, mzee, silaha mlikuwa mnazichukuaje? Akafurahi, watu wazima wanapenda kuulizwa kazi zao, akaeleza, unakwenda ghalani, inaandikwa namba ya bunduki, inaandikwa risasi ngapi, unatia saini, ukirudi zinahesabiwa tena mbele yako, moja moja.

"Ikipungua moja?"

"Unaandika maelezo imekwenda wapi."

"Yanasomwa na nani?"

"Mkubwa wako."

"Ndo huyo huyo aliyekutuma doria?"

Akamimina kahawa, akachukua kashata, akasema, "Ndo yeye." Na muuza kahawa ambaye hata hatukujua kama anasikiliza akadakia, "kesi ya ngedere, hakimu nyani", kicheko kikaanza upya, ila mzee safari hii hakucheka.

Nilirudi nyumbani na ile ya daftari haikunitoka. Yaani ile risasi ya 1998 lazima iliandikwa. Kuna ghala mahali fulani, kuna daftari, kuna mstari unasema zilitoka kadhaa zikarudi pungufu moja, na pembeni kuna maelezo. Yale maelezo yanasemaje? Haiwezi kuwa "kajichoma na chuma" manake chuma hakipunguzi risasi. Nahisi imeandikwa imepigwa hewani. Kwa hiyo usiku ule karatasi mbili za ofisi moja, moja inasema risasi ilikwenda juu, moja inasema hakukuwa na risasi, na mguu wa mtoto una matundu. Na hamna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuziweka hizo karatasi mbili meza moja.

Hapa ndo kwenye shida yangu yote, wala si kwenye ile sekunde ya kufyatua. Sekunde ile mzee kaieleza vizuri kuliko mimi, watu wanaogopa, askari ni watu. Mimi nauliza nani anaandika mwanzo, na nani ana nguvu ya kuja kuuliza mara ya pili. Manake aliyepigwa hawezi kuandika.

Chicago, Oktoba 20 mwaka 2014, Laquan McDonald, miaka 17, alikuwa na kisu kweli, hilo nisilifiche. Taarifa za askari zikasema aliwaendea. Jiji likawalipa familia dola milioni 5 mapema kabla hata hawajafungua kesi, video ikakaliwa miezi 13, mpaka mwandishi mmoja akaenda mahakamani na jaji akaamuru itolewe. Ilipotoka watu wakaona mtoto anatembea pembeni anawakwepa, alafu risasi 16, nyingi zikimkuta kashalala chini. Askari akakutwa na hatia 2018, akahukumiwa miezi 81, akatoka Februari 2022. Ufaransa Juni 2023, Nahel, miaka 17 naye, cha kwanza kilichosikika ni kwamba alimwendea askari na gari, ikaja video ya mpita njia, askari kasimama ubavuni kwa gari. Kila mahali ni hivyo, stori ya kwanza inatoka kwa mwenye bunduki na inatoka haraka, na inakaa hapo hapo mpaka itokee kamera au mtu mbishi.

Ila usiniambie hayo ni mambo ya Wazungu wenye kamera kila nguzo. Mimi mfano wangu mkubwa hauko Marekani, uko hapa juu ukitoka Horohoro, mpakani na Kenya. Ukivuka Lungalunga umeingia Kwale, Wadigo wa huku na wa kule ni ndugu, tunaoana, tunazikana. Agosti 2014 huko Kinango askari walikwenda usiku kwenye nyumba wakimtafuta mtu mwingine kabisa, wakamuua kwa risasi mtoto wa kike wa miaka 14 anaitwa Kwekwe Mwandaza. Stori ya kwanza ikatoka kama kawaida, aliwashambulia na panga. Kijiji, nyumba ya udongo, usiku, hamna kamera, hamna video ya mpita njia, kwa mazoea yetu hapo kesi imekwisha. Lakini Kenya walikuwa na IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi ambayo yenyewe si polisi, sheria yake ya 2011. Wakaja wakauliza mara ya pili. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia hatiani askari 2 kwa kuua bila kukusudia, miaka 7 kila mmoja.

Sisemi Kenya ni peponi, jamani, nani asiyeona habari. Machi 2020 siku za mwanzo za kafyu ya korona, Yassin Moyo, miaka 13, amesimama barazani kwao ghorofani Nairobi na familia wanatazama askari chini wanakimbiza watu, risasi ikamfuata huko huko juu. Polisi walisema ni risasi iliyopotea njia. Askari alifikishwa kortini kwa mauaji, na kesi zenyewe zinakwenda mwendo wa konokono mwenye homa. Ila zinakwenda, kuna jina la mtu kwenye karatasi.

Kwetu, Daudi Mwangosi alipouliwa Nyololo kule Iringa Septemba 2012, palikuwa na picha, waandishi wenzake walipiga, na askari mmoja akafungwa miaka 15 mwaka 2016. Akwilina, binti wa chuo, kakaa zake ndani ya daladala Kinondoni Februari 2018, polisi wanatawanya waandamanaji, risasi ikamkuta. Askari walihojiwa, na hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa kifo kile. Hao walikuwa watu wazima, najua, nawataja kwa sababu ya ile tofauti ya picha kuwepo na kutokuwepo. Na ya Oktoba 29 mwaka 2025, siku ile ya uchaguzi intaneti ikazimwa, baadaye Rais akaunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, hiyo ni bahari kuu, mi na kidau changu leo nabaki hapa ndani ya ghuba. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora tunayo, inachunguza na kupendekeza. Chombo cha kazi hiyo moja tu, kwamba askari akifyatua mtu akaumia basi siku ile ile anakuja mtu asiyevaa sare anachukua daftari la ghala na PF3 anaziweka pamoja, hicho hatuna.

Jumapili iliyopita nikampakia mpwa wangu kwenye baiskeli tukaenda Mabawa kwa yule mama. Alikuwa bado ananisumbua na bastola yake nikaona bora nimtembeze. Shikamoo, marahaba, mmeamkaje, akatuletea maji na mihogo, mihogo ile ile. Nikamwambia mama, nataka kuandika habari ya mguu wa mwanao, yeye kakubali ila kasema nikuombe wewe. Akakaa kimya. Alafu akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa, akatoka na bahasha ya kaki ina vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na katikati hiyo PF3. Ilitakiwa irudi kituoni baada ya matibabu. Hakuirudisha, na hamna aliyekuja kuiulizia. Imekunjwa mara nne na kwenye mikunjo imeanza kukatika.

Akasema piga picha ukitaka, ila jina nitalifunika, akaweka kidole gumba juu ya jina.

Mpwa wangu akainama kusoma, ana tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti, mpaka vibao vya barabarani. Mwandiko wa askari mzuri, umelala upande. "Kajichoma na chuma mguuni." Akashuka chini upande wa daktari, huko kumeandikwa kidaktari hakusomeki, ila mimi nilikuwa sijui kwamba daktari alichora. Kachora mguu mdogo kwa peni, kuanzia goti kushuka, mara mbili, mmoja kwa mbele mmoja kwa nyuma, na kila mmoja kauwekea nukta. Ya nyuma ndogo. Ya mbele kubwa kidogo, kaizungushia duara.

Mtoto akaitazama ile michoro, akaugeuza mguu wake mwenyewe akashika kigimbi, akatazama tena.

"Mjomba, hiki chuma kilitokea upande wa pili?"

Mama akaichukua karatasi, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akamuuliza kama anataka mihogo mingine.